Mia Moja Arobaini Jumlisha Asilimia Tano

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, chini ya dirisha la chumba cha ushonaji cha shangazi yangu. Kushoto hukaa Redio, dereva mstaafu ambaye akianza kusema hana kitufe cha kumzimia. Kulia hukaa Kebo, fundi wa kompyuta na simu, mwenye bisibisi tatu mfukoni na wateja wachache kuliko bisibisi. Mbele yao Mama Birika huuza kahawa, na siku nyingi humimina maneno kuliko kahawa. Asubuhi hiyo niliketi katikati yao, laptopu mapajani. Ndani, shangazi alisimama mbele ya meza ya kukatia, mkasi mkononi, akinisubiri mimi nimtajie namba.

Hospitali ilitaka shuka zenye upana wa sentimita mia moja na arobaini baada ya kufuliwa. Ikipungua haishiki godoro. Ikizidi inaburuzika sakafuni, na kwa kosa hilo walishamkataa fundi mwingine. Kitambaa hupungua kikiingia majini, kwa hiyo shangazi huongeza asilimia tano kabla ya kukata. Ila kikokotoo chake cha mezani, kile cha vitufe vikubwa, kilitumbukia kwenye ndoo, na Kebo akamwekea kingine kwenye kompyuta. Shuka ya kwanza ya majaribio ikakataliwa: ilifuliwa mara moja tu, pembe zikawa hazifiki chini ya godoro. Sasa wamempa nafasi ya mwisho. Shuka moja, na mtu wao angekuja kuichukua kabla ya mchana. Kitambaa kilichobaki kinatosha hiyo moja tu. Ikikataliwa nayo, kazi inakwenda kwingine na chumba kinafungwa. Na shangazi huyu ndiye aliyeuza cherehani yake bora ili mimi nimalize chuo.

— Msomi, soma tena, Redio alisema. Polepole, kama unamsomea hakimu.

— Nimepakua vikokotoo vitatu, mzee. Nimeandika kitu kilekile kwenye vyote. Mia moja arobaini, jumlisha, tano, alama ya asilimia. Cha kwanza kinasema mia moja arobaini na saba.

— Basi tumemaliza. Mama Birika, nimiminie.

— Cha pili kinasema mia moja arobaini, nukta sifuri tano.

— Nukta?

— Kimeongeza nusu ya milimita.

— Nusu ya milimita si shuka hiyo, Mama Birika alisema. Hiyo ni vumbi.

— Na cha tatu?

— Cha tatu kimeandika "kosa".

— Kosa la nani?

— Hakikusema.

— Hicho ndicho chenye malezi. Kimeona kosa, hakikumtaja mtu.

Wote tukamgeukia Kebo.

— Mnanitazama nini?

— Ulichomwekea shangazi ni kipi? nilimuuliza, ingawa nilijua.

— Cha pili. Lakini kina nyota nne na nusu! Maelfu ya watu wamekisifu!

— Hao maelfu wanashona shuka?

— Msomi, usinionee. Kikokotoo kile hakijakosea. Ukikibonyezea asilimia, kinagawa kwa mia, basi. Tano gawa kwa mia. Hukukiambia tano ya nini.

— Wewe nawe, Redio alimkata. Kwani cha kwanza kiliambiwa na nani?

— Cha kwanza kinajiongeza.

— Yaani kinabahatisha?

— Kinaelewa binadamu.

— Sasa tumwamini anayeelewa binadamu au anayefuata maagizo?

Kebo alitazama bisibisi zake. Mimi nilitazama saa. Nilikuwa nimesoma maelezo ya programu zote tatu usiku kucha, na hakuna hata moja iliyosema waziwazi kitufe chake cha asilimia hufanya nini. Zote zilieleza rangi. Ya kwanza ina rangi kumi na mbili.

— Tatizo mimi nimeshaliona, Redio alisema, akajiweka sawa, na tukajua kahawa itapoa. Vikokotoo hivi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Huko nguo inakaukia ndani, taratibu, haina hofu. Haipungui. Ndiyo maana tano yao ni ndogo.

— Mzee, tano ni tano, nilisema.

— Nimeendesha lori la samaki wa barafu miaka mingi, mwanangu. Kwenye baridi kila kitu hujikunyata. Mpaka namba.

— Si hali ya hewa, Kebo alidakia. Ni chaji. Betri ikishuka, mashine inabana matumizi. Inakupa jibu dogo. Hebu angalia, chaji imebaki ngapi?

— Asilimia kumi na moja.

— Hiyo nayo ni asilimia ya nini? Mama Birika aliuliza.

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

— Basi tupige kura, aliendelea. Wa kwanza anasema saba, wa pili anasema vumbi, wa tatu hajapiga kura. Chukueni katikati. Arobaini na tatu na nusu. Kila mtu anakwenda nyumbani na heshima yake.

— Shuka haina heshima, mama! Ina godoro!

Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. Dirishani juu yetu shangazi akatoa kichwa, sindano mbili zikiwa zimechomekwa kwenye kanga kifuani, futi ya kupimia shingoni.

— Mwanangu, vipi? Umechagua?

— Bado kidogo, shangazi.

— Chagua chochote kisichonidanganya. Mimi sina makuu.

Kichwa kikarudi ndani. Redio aliniinamia.

— Si umwambie mia moja arobaini na saba? Hata mimi nimeiona.

— Hiyo ndiyo inayonitoa jasho. Mzee, chukua mia moja arobaini na saba, punguza asilimia tano yake. Unabaki na mia moja thelathini na tisa, nukta sita tano. Haifiki. Hata kinachoelewa binadamu hakifiki.

— Kwa nini haifiki?

— Kwa sababu tano ya kupunguza si tano ya kuongeza. Ilipaswa kugawa: mia moja arobaini gawa kwa sifuri nukta tisa tano. Na hapo vyote vitatu vinakubaliana, hata chenye malezi. Mia moja arobaini na saba na kama milimita nne.

— Vinakubaliana! Kebo aliruka. Basi chagua chochote! Hata changu!

Kwa mara ya kwanza tangu jana nilivuta pumzi mpaka mwisho. Mama Birika alininyooshea kikombe.

— Kunywa, mwanangu. Ndiyo ya mwisho. Mabomba makavu tangu juzi, maji niliyokuwa nayo ndiyo hayo.

Ndipo alipofika dada mmoja mwenye aproni ya plastiki, mikono imekunjamana kwa sabuni. Alitusalimu akasema yeye ni dobi wa hospitali, ametumwa shuka.

— Inakatwa sasa hivi, dada, nilisema. Tulikuwa tunatafuta upana. Kitambaa kinapungua asilimia tano, kwa hiyo...

— Nani kasema tano?

— Shangazi huongeza tano.

— Kwa kitambaa hiki?

Nikageuka dirishani.

— Shangazi! Ile tano ulipewa na nani?

— Muuzaji wetu wa zamani, yule aliyefunga duka! Kitambaa chake kilikuwa kizuri sana!

— Na hiki?

Kichwa kikatokea tena dirishani.

— Hiki ni cha kwingine, mwanangu.

Tano. Usiku kucha nilikuwa nimeipeleka kwa mashine tatu, na hakuna iliyoniuliza nimeiokota wapi. Nikamshika yule dada mkono.

— Ile shuka ya kwanza. Mliipima baada ya kufua? Tukijua ilibaki ngapi, tunajua kila kitu.

— Kuipima? Tuliichana siku ileile. Yametoka matambara mazuri ya kudekia.

Kebo akasema tuloweshe kipande kidogo tuone, kisha akalitazama birika, lililolazwa ubavu, kavu. Nilisema kipande kidogo hakipo. Shuka ni moja na kitambaa ni cha shuka moja.

— Kwa hiyo kinapungua ngapi? yule dada aliuliza tena, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

Skrini ikazimika mapajani mwangu.

— Mwanangu! shangazi aliita kutoka ndani. Nikate kwa ngapi?

Nilisimama. Nilimtazama Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema. Alikuwa anakitazama kikombe chake.

Tulisubiri aulize tena. Badala yake, juu ya vichwa vyetu, tukausikia mkasi ukianza kukata.