Sauti kwa Mama Colette: Kumuaga Papa Symphorien

Papa Symphorien Semana aliingia kazini katika laiteri yetu, kiwanda cha maziwa cha Kirolirwe, mwezi wa tatu mwaka 1936, na leo Jumamosi, tarehe 28 Juni 1958, anastaafu. Miaka ishirini na miwili si mchezo. Madirekta watano wamekuja na kuondoka. Fundi wa mota ni yule yule.

Alianza kwa kubeba bidoni za maziwa mpaka mabega yakachubuka. Mwaka 1941 mota ya umeme iligoma. Akaifungua, akaifunga, ikanguruma. Vipande viwili vilibaki mezani, na mpaka leo hakuna anayejua ni vya nini. Mota inazunguka tu.

Lakini sisi tunaomjua tunajua kazi yake ya pili. Mwaka 1947 homa kali ilimshika mke wake, Mama Colette. Alipona, ila masikio hayakurudi sawasawa. Papa Symphorien, aliyemchumbia kwa gitaa, alimpigia kila jioni, naye mama akatazama vidole tu. Hilo lilimuuma, wala hakuficha. Akaapa kulipatia gitaa sauti kubwa.

Alitembea siku tatu mpaka Pinga kufuata redio mbovu ambayo panya walizalia ndani. Akachomoa lampe zake, zile taa ndogo za kukuza sauti, akafunga sumaku ya simu ya zamani chini ya nyuzi za gitaa, akapanga mengine yote ndani ya kopo la biskuti. Likakoroma kama mtu mwenye mafua. Akajaribu bidoni ya petroli; ilipopata joto, nyumba nzima ilinuka, na majirani wakatoka nje.

Kisha akakosea kweli. Alichukua bidoni ya maziwa iliyozeeka, akapanga lampe humo. Sauti ilitoka nzuri ajabu. Asubuhi akina mama wanaoleta maziwa laiteri walipoona nyaya zinaning'inia kwenye chombo cha maziwa, waligeuka wakarudi na maziwa yao nyumbani. Kwa wafugaji wa kwetu, chombo hicho hakipewi kazi nyingine hata kikizeeka, ng'ombe wasije wakakauka. Mama Drocella, mkubwa wao, alimuuliza mbele yetu sote: "Chombo ya maziwa iko ya maziwa. Ngombe zetu zikikauka, utakamua hiyo gitare?"

Na Semana mwenyewe ni mtoto wa wafugaji! Alijua vizuri, mapenzi yalimsahaulisha. Aliomba msamaha, akatoa nyaya, akaosha bidoni kwa mikono yake. Mama Drocella alipoambiwa sababu, alienda zake. Siku ya tatu alirudi na sanduku la bati alilokuja nalo siku ya harusi yake. Papa akahamishia lampe humo; njo hilo lililofaa. Mama Colette aliweka mkono juu ya sanduku, akasikia, akaanza kuimba. Aliimba akichelewa nyuma ya gitaa kwa nusu wimbo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Shida ni kwamba sanduku hilo linakula umeme wa mota yetu, na Jumatatu Papa na Mama wanahamia Kingi, ambako umeme hakuna. Wiki mbili hizi Papa Symphorien hakutania mtu. Dada Valérie wa ofisi alimkuta akipangusa vumbi kwenye sanduku, naye Papa akamwambia tu kwamba mama atazoea tena kimya. Sisi hatukukubali.

Papa, sanduku unalodhani limeshapakiwa na mizigo lilikuwa kwetu depo siku tatu, tukilitengeneza. Sasa linatumia bateri ya lori. Kulehemu kwetu ni kubaya, utuvumilie. Kila Alhamisi lori ya maziwa itapita Kingi. Dereva Sebarenzi ataacha bateri yenye nguvu na kuchukua iliyoisha. Direkta amesaini.

Aksanti kwa miaka yote hiyo. Nendeni salama, mukazeeke pamoja. Mama Colette alilijaribu sanduku jana ulipokuwa kwenye mota, Valérie akapiga gitaa. Alisikia kila kitu. Alisema Valérie anapiga vibaya, na kwamba anakungoja wewe.