Mita Mia Mbili za Muzee Kataliko

Risala ya Chama cha Toa Jiwe, inayosomwa Kibati siku ya kufungua njia ya kinga, yaani baiskeli

Mgeni rasmi, Kocha Émérance, Papa Chef, mkuu wa Kibati, Padri wetu, wazazi, wenye kinga na wasio na kinga, nanyi mama mlioacha maharagwe jikoni ili mje kutusikiliza: sisi wanachama wa Toa Jiwe, ishirini na watatu kwenye daftari na kumi na tisa kwenye kazi, tunawasalimu kwa mikono yenye sugu.

KARIBU

Kocha, barua yetu ilikuita mgeni rasmi, na risala nayo haina budi kukuita hivyo. Lakini aibu kidogo inatushika. Mgeni gani huyu aliyeipasua njia hii kwa mikono yake kabla yetu sisi? Wengi hapa tunakukumbuka ukiwa na miaka kumi na saba, madaftari ya shule yamefungwa nyuma ya kinga, unateremka kutoka Kibati huku kuku wakitawanyika. Mama Dancille aliyekaa pale mbele anasema kuku wake mmoja hajarudi mpaka leo.

Leo unawafundisha wasichana wa Bukavu kuendesha kinga za milimani, nasi tunajisifu kwa jina lako hata pale tusipoulizwa. Karibu sana nyumbani.

Tulipokuandikia, ulijibu kwa mstari mmoja: Kibati utakuja, Ndosho hutafika. Tuliheshimu. Hakuna aliyeuliza sababu, maana wote tunajua kwamba Ndosho ndiko iliko nyumba ya baba yako, Muzee Kataliko, na kwamba huu ni mwaka wa saba hamjasemezana.

Muzee ametukataza kumtaja katika risala hii. Tulimwitikia "ndiyo, Muzee" wote kwa pamoja, na sasa wote kwa pamoja tunamvunjia neno. Atusamehe, nawe utusamehe.

TULIKOTOKA

Kisa cha kuzaliwa kwa chama hiki unakijua kwa upande wa aliyeanguka. Tunaomba tukusimulie upande wa pili, kama alivyotusimulia Muzee mwenyewe Jumamosi moja tukila viazi vitamu kando ya njia, nyundo zikiwa zimelala.

Mama yako, Mama Généreuse, alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla. Muzee, mtu wa Butembo, mchuuzi wa maharagwe aliyezoea malori na barabara mbovu, alibaki na binti mmoja na hofu moja. Kila ulipotoka na kinga, alisimama mlangoni hadi urudi, kisha akajifanya alikuwa anafagia. Majirani walimtania kwamba ndiye mwenye ua safi kuliko wote Ndosho. Alikukataza kuendesha, ukamsikia kwa sikio moja. Alikubembeleza, ukacheka. Ikafika siku ya mbio zako za kwanza.

Ulikuwa umelala Kibati ya juu kwa rafiki yako Élodie, ili asubuhi ushuke na njia yako upashe mwili joto kabla ya mbio. Muzee alilijua hilo. Kulipopambazuka alipanda moto, pikipiki ya kukodi, akaja, akaingia njiani, na chini ya mikaratusi akapanga majiwe kumi na moja ya volkano kutoka ukingo hadi ukingo. Alikusudia uyaone kwa mbali, ushuke, ukasirike, uchelewe mbio, urudi nyumbani umenuna. Kununa hakuvunji mfupa, ndivyo alivyowaza. Akarudi Ndosho, akachemsha chai, akaweka vikombe viwili mezani, akaketi kungoja ugomvi.

Ukungu hakuuhesabu. Asubuhi ile wenyewe ulishuka kutoka mlimani ukaziba kila kitu, nawe ukayakuta majiwe yakiwa tayari chini ya gurudumu.

Yaliyofuata unayajua mwilini mwako: mfupa wa bega, hospitali, mbio zilizokupita. Unajua pia kwamba hakungoja umuulize. Alisimama kando ya kitanda akakiri, "Njo mimi niliweka majiwe." Uligeukia ukutani. Ulipopona ukaenda kwa shangazi yako Bukavu, na hatukulaumu. Hata yeye hajawahi kukulaumu.

Kuanzia hapa, Kocha, ndipo usipopajua.

Wiki ileile uliyoondoka, Muzee alirudi chini ya mikaratusi na nyundo ya kuazima. Aliondoa majiwe yake yote kumi na moja, akayapanga kando. Halafu akaliona la kumi na mbili, ambalo hakuliweka yeye. Akaliondoa nalo. Kisha la kumi na tatu. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia lipi ni lake na lipi ni la volkano.

Gauthier na Balagizi walimkuta hapo wakiwa kwenye mazoezi. Wao vijana wenye kinga nzuri na kaski za kung'aa kichwani; yeye muzee ambaye tangu azaliwe hajawahi kukalia kinga, ameinama anawasafishia njia. Walipita mara ya kwanza wakampungia mkono. Mara ya pili hawakupunga. Mara ya tatu walilaza kinga zao chini na kumuuliza kama ana nyundo nyingine. Basi, chama ndicho hicho. Hatukufanya mkutano wa kukiunda, na statuti, yaani kanuni za chama, tuliziandika baadaye sana, tulipochoka kuulizwa.

Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipofunguka, volkano ikala nusu ya juu ya njia. Tulingoja miezi majiwe yapoe. Wengine tulisema yametosha, njia imekufa. Muzee alifika Jumamosi na sururu begani, akatuuliza, "Munaangalia nini? Kazi iko huku." Tukamfuata, tukapasua upya juu ya lava mpya, ambayo ilikula soli za viatu vyetu vyote.

TULIYOFANYA

Njia leo ina kilomita sita. Kila mwanachama ana kipande chake, na anakijua kama anavyojua meno yake. Tunavunja ncha za lava kwa nyundo, tunaziba mashimo kwa majiwe makubwa, kisha ya kati, kisha changarawe tunayoibeba kwa chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma. Hatuzibi tena kwa majivu laini peke yake. Tulifanya hivyo mwaka wa kwanza, na upepo ukayapeleka yote kwenye sufuria za Kibati.

Tulikosea pia kwa kupita kiasi. Balagizi alikilainisha kipande chake mpaka waendeshaji wakamuuliza kama anangojea gari la gavana. Siku iliyofuata tukakuta mama mmoja ameanika maharagwe juu yake, katikati kabisa, na akatufukuza tusimkanyagie. Ilibidi Balagizi arudishe matuta kwa mikono yake mwenyewe, akilalamika kila hatua.

Tuna sheria moja tusiyoivunja: aliyetengeneza apite kwanza. Kipande kikiisha, hakuna gurudumu la mtu mwingine linalokanyaga kabla ya lile la aliyekitengeneza. Kama umeacha jiwe baya, likuangushe wewe, lisimwangushe mtoto wa mwenzako. Aliyeileta sheria hiyo ni Muzee, na sasa unafahamu aliitoa wapi.

Wasichana kumi na mmoja wanafanya mazoezi hapa. Muzee anawajua kwa mlio wa breki zao.

YANAYOTUSUMBUA

Mvua inabeba changarawe. Watu wa ujenzi wanatuchukulia majiwe ya ukingoni, nasi tunajua kwamba mtu asiye na nyumba haoni ukingo, anaona ukuta. Jumamosi ambazo vita vilitufungia ndani ni nyingi, na hatupendi kuzikumbuka siku ya furaha kama hii.

Lakini tatizo lililotuuma zaidi ni mita mia mbili za mwisho, pale chini ya mikaratusi, hatua chache kutoka hema hili. Ndicho kipande cha Muzee. Sote tulimaliza vipande vyetu tangu mwaka jana, tukavipita, tukapiga kelele. Chake hakikuisha. Kila Jumamosi tulimuuliza, "Muzee, tayari?" Naye alijibu, "Bado." Tulipapasa kwa mikono, hatukuona kasoro hata moja, naye akasema bado. Kwa hiyo kwa mwaka mzima waendeshaji wetu wamefika kwenye mikaratusi, wameshuka, wamezibeba kinga begani na kuzunguka vichakani, kwa sababu sheria ni sheria.

Tulidhani anaogopa kupanda. Gauthier akajitolea kumbeba nyuma yake, polepole, bila kukanyaga pedali. Muzee alimwangalia kwa upole akamjibu, "Hapana weye, Gauthier. Weye sikukuwekeaka majiwe."

Hapo tukaelewa kwamba anakungoja wewe, na hatukumbembeleza tena apande.

Jambo la pili, nalo pia ametukataza: macho yake yanakwisha. Daktari amesema hivyo bila kuzunguka. Majiwe kumi na moja aliyoyaondoa ameyapaka chokaa na kuyapanga kando ya njia, ili ukungu ukishuka, mwendeshaji ayaone. Siku hizi ni hayo tu anayoyaona vizuri. Anatembea akiyagusa moja moja kwa fimbo, na akifika la kumi na moja anajua amefika.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, ukikutana na wafadhili huko uendako, tunahitaji nyundo kumi za kilo tano, glovu za ngozi, na toroli mbili, kwa kuwa iliyopo imeshonwa kwa waya kila mahali.

Ombi letu jingine halihitaji mfadhili.

Utepe wa kufungua njia hauko hapa kwenye hema. Utatusamehe kwa ujanja huu. Tumeufunga mwisho wa kipande cha Muzee, na anayetaka kuukata hana budi kupita kwake. Papa Constant, fundi wetu, ameunganisha kiti cha nyuma kwenye kinga moja ya milimani, jambo ambalo anasema ni dhambi katika ufundi wake, akakifungia mto wa sponji. Breki tumezipima mara mbili. Kinga hiyo imeegemezwa pale, kwenye jiwe jeupe la kwanza.

Naye Muzee yuko hapo. Ukigeuka kushoto utamwona: mtu aliyekaa juu ya toroli, ameligeuzia hema mgongo. Alituambia hana nguo za sherehe, kwa hiyo atalinda vifaa. Lakini amevaa shati jeupe, Kocha, na Héritière, anayekusomea maneno haya, ndiye aliyemfungia vifungo vya mikono, maana mwenyewe hayaoni tena matundu yake.

Ulisema Ndosho hutafika. Hatukuombi ufike. Yeye ndiye aliyekuja, kila Jumamosi iliyowezekana, miaka sita na zaidi. Hatukuombi hata useme neno. Kwenye kinga mwenye kushika usukani anatazama mbele, na aliye nyuma humshika kiunoni, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Ni mita mia mbili, zinateremka taratibu. Ukiona ni nzito, kata utepe kwa kutembea, nasi tutapiga makofi yaleyale, na hakuna atakayekunyooshea kidole.

Ila ujue hili. Jana jioni, tulipokuwa tukifunga hema, Balagizi alimuuliza kwa mazoea, "Muzee, tayari?" Sote tulikwisha kumjibia kichwani. Muzee akagusa jiwe la kumi na moja kwa fimbo, akasema, "Njia imeisha. Inabakia tu mutu wa kunipitisha."

KUMALIZIA

Mungu aliyeupa mlima moto na akatupa sisi mikono, akubariki Kocha Émérance, awabariki wasichana unaowafundisha, aushushe ukungu polepole, na kila aliyeweka jiwe ampe siku ya kuliondoa.

Hatuna zaidi. Zawadi yetu ni kaski hii, shika. Na hii ya pili, iliyo kubwa kidogo, ni ya atakayekaa nyuma.

Ni sisi,
Chama cha Toa Jiwe, Kibati