Mama Kioo na Mkutano wa Tarehe 31 Juni

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuutunza ubao wa matangazo wa mji wetu, Mama Kioo alistaafu rasmi tarehe 31 Juni mwaka huu, saa tano na robo asubuhi. Msomaji atasema Juni ina siku thelathini. Ni kweli, na ninamwomba avumilie kidogo, maana jambo hili lina maelezo.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kupokea tangazo, kuligonga muhuri, kulibandika na kufunga mlango wa kioo wa ubao. Kufuli ni moja na ufunguo ni mmoja, nao aliufunga kiunoni kwa kitambaa. Jina la Mama Kioo alipewa na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye wateja wake walikuwa wakimaliza kunyolewa wanavuka kwenda kujitazama ubaoni, kwa kuwa kioo cha Mama kilikuwa safi kuliko chake.

Katika mwaka wake wa pili, mjomba wa bibi harusi mmoja aliomba apewe tangazo la harusi liwe kumbukumbu, siku mbili kabla ya harusi yenyewe. Akapewa. Nusu ya wageni walipoona halipo walidhani ndoa imevunjika, wakaenda kumpa pole mama mzazi, wengine wakilia kweli. Tangu hapo kamati ya mji ilipitisha sheria mbili. Ya kwanza, tangazo likishagongwa muhuri halitolewi wala halirekebishwi mpaka jambo lenyewe litimie na mwenye tangazo asaini. Ya pili, mwenye ufunguo haruhusiwi kulala nje ya mji. Mama Kioo hakuzitunga sheria hizo, ila hakuna aliyezishika kama yeye.

Wengi watakumbuka mbuzi wa mwashi. Alipotea, tangazo likabandikwa, na jioni ile ile akarudi mwenyewe. Lakini mwashi alikuwa ameshasafiri kwenda kujenga mbali, na bila saini yake tangazo lilibaki miezi miwili. Watu wema wakawa wanasoma, wanamwona mbuzi uani kwake, mweupe mwenye sikio moja jeusi kama ilivyoandikwa, wanamkamata na kumleta ofisini. Mama Kioo alimrudisha kila mara. Kufikia wiki ya tatu mbuzi alikuwa anakuja peke yake saa mbili kamili, akiwatangulia baadhi ya watumishi.

Sasa tuje kwenye tarehe. Miaka kumi na tisa iliyopita, kamati iliona si haki mtu mmoja afungwe na ufunguo mmoja, ikaamua kuita mkutano wa wakazi ili upitishe ufunguo wa pili. Mwenyekiti wa wakati huo alisema uwe mwisho wa Juni. Mpiga chapa, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, aliandika tarehe 31 bila kuhesabu. Mwenyekiti akasaini, Mama Kioo akagonga muhuri. Baadaye alieleza kwamba aliliona kosa, ila hakudhani ni kazi yake kuijua miezi kuliko mwenyekiti.

Kwa hiyo tangazo likakaa. Wanafunzi walianza kuandika kwenye mitihani kwamba Juni ina siku thelathini na moja, na mwalimu mkuu alipoleta barua ya kupinga, ikagongwa muhuri ikabandikwa pembeni. Fundi rangi aliazima ngazi ya jirani yake akaahidi kuirudisha tarehe hiyo hiyo ya ubaoni, na jirani, mtu mstaarabu, akasubiri.

Wakati huo binti wa Mama Kioo aliolewa mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Alikuja kumsalimia mama yake kila mwaka, akaleta wajukuu wawili, mmoja baada ya mwingine. Mama mwenyewe hakuwahi kuuona mlango wa nyumba ile. Ufunguo ulikuwa mmoja.

Mwaka huu alinunua tiketi ya basi la saa saba mchana, siku inayofuata tarehe thelathini. Ndipo ikagundulika kwamba hawezi kukabidhi kazi kabla ubao haujawa mtupu. Kinyozi alimshauri kwa upole, "Mama, itoe tu hiyo karatasi. Nani ataona?"

"Nitaona mimi, mwanangu."

Kinyozi alirudi dukani, akaitazama kalenda yake ya ukutani wakati ananyoa, mteja akaumia sikio, na wazo likapatikana. Kamati ilipitisha kwamba siku inayofuata tarehe 30 Juni, katika mji wetu tu, iitwe tarehe 31 mpaka mkutano ufungwe, kisha Julai iendelee kama kawaida.

Ikawa hivyo. Ukumbi ulijaa saa nne. Fundi rangi alifika mapema, ngazi begani. Mwalimu mkuu alisaini barua yake shingo upande. Mwenyekiti aliuliza nani anapinga ufunguo wa pili, hakuna aliyepinga, na jambo la miaka kumi na tisa likaisha kwa dakika nne. Saa iliyobaki ilitumika kubishana kama watoto waliozaliwa asubuhi ile waandikwe Juni au Julai.

Saa tano na robo Mama Kioo alifungua kufuli, akatoa karatasi, akafuta kioo ndani na nje, akamkabidhi ufunguo msaidizi wake, aliyeteuliwa kushika nafasi yake. Msaidizi akabandika tangazo lake la kwanza, lenye muhuri na saini za kamati nzima: "Mama Kioo amekwenda kwa bintiye. Atarudi kutusalimia." Safari hii hatukuandika tarehe.

Alilisoma mara mbili, akaukagua muhuri, akatikisa kichwa. "Mmenifunga tena nyie," alisema, akaenda kupanda basi.

Ahsante, Mama Kioo, kwa miaka yote. Kaa salama na wajukuu, ule ushibe, ulale bila ufunguo kiunoni. Sheria unaijua: karatasi ile haitoki ubaoni mpaka tukuone.