Usije Kudha Kujifungua

Mama zangu na dada zangu, amani ya Mungu iwe nanyi. Nimeambiwa niseme kwa ufupi, na mnanijua, ufupi si wangu. Nivumilieni.

Kwetu kisiwani Kudha mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Popote ulipoolewa, mwezi wa nane wa mimba unafunga mzigo unarudi.

Nilikuwa na mimba ya miezi sita, hapa Mombasa, nilipopigwa picha ya tumbo. Daktari alitazama sana, kisha akaniambia taratibu kwamba mishipa miwili mikubwa ya moyo wa mtoto imepishana, na kati ya vyumba vya moyo kuna tundu. "Tatizo ni kubwa, lakini linatengenezeka, mradi azaliwe karibu na madaktari wa moyo. Akizaliwa mbali, tutamkosa."

Ndugu zangu, nawaambia kweli: niliitikia, nikatoka, nikaificha karatasi ya majibu. Mume wangu nilimwambia mtoto yu mzima. Niliona haya. Mama alikwisha kupaka chumba chokaa, na mkunga alikwisha kuambiwa. Nikajidanganya kuwa dua za mama zitatosha.

Siku mbili kabla ya safari, mama akapiga simu kuniuliza kama bado napenda samaki wa kupaka. Swali dogo tu. Nililia, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Usije."

Neno hilo liliniuma. Nilidhani ametukataa, mimi na mwanangu. Kumbe siku ya tano alibisha hodi mlangoni, mkeka kwapani, yeye aliyeapa hatakipa tena kisiwa mgongo. "Kwa mama ni alipo mama," akasema kwa lugha ya kwetu, ambako mtu ni mchu. "Mchu hazaliwi na kuta. Haya, nipeleke kwa huyo daktari wako."

Daktari alitupeleka Nairobi kwa madaktari wa moyo, na huko mtoto akazaliwa, midomo buluu. Akatiwa dawa mshipani papo hapo, akapasuliwa ana siku tisa. Kliniki tunarudi bado. Leo ana miaka miwili, na mliokaa nyuma mmeshamjua, amewamwagia chai.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, mume wangu aliyenisamehe uongo, nanyi mliotupikia kwa zamu. Na mama. Dua tuliziomba, tena tuliziomba tukiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Kama hapa kuna aliyeambiwa la kumtisha kliniki, ampigie mama yake leo. Asiye na mama, mimi nakaa nyumba ya pili kutoka msikitini. Asibishe hodi, aingie tu.