Kikombe Kikiwa Wima

Nyuma ya wodi ya watoto, hapa Peshawar, kuna benchi la Gulab muuza kahwa, ile chai ya kijani yenye iliki, na benchi hilo lina msumari uliochomoza ambao hakuna anayethubutu kuugonga, maana ni wa Daktari Zarak. Kila akitoka zamu hukaa pembeni yake, hutoa uzi mfukoni na kuufunga mafundo kwenye msumari huo, moja juu ya jingine, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mwaka wa sita huu anasomea upasuaji wa watoto. Mtihani wa mwisho ameanguka mara mbili. Mchana ule wa baridi alikuwa hajalala tangu jana asubuhi, na mfukoni, pamoja na uzi, alikuwa na barua.

– Dokta, unafunga mbuzi au unafunga ndoa? – Sindano, mfunga vidonda mstaafu, alimchokoza.

– Mwache, – alisema Saireni, dereva wa gari la wagonjwa. – Ila hii shule ina mwisho kweli? Mwanangu kaingia la kwanza, huyu anasoma. Mwanangu yuko la sita, huyu bado anasoma!

– Utumbo wa kichanga, bwana wee, ni tambi, – alisema Sindano. – Tambi iliyoiva! Hebu shona wewe tuone.

– Acha zako, – alisema Saireni. – Ni yule profesa wao. Wakifaulu wanakwenda zao nchi za Ghuba, yeye anabaki peke yake na watoto wa mkoa mzima. Ndiyo maana anawaangusha.

– Hamjui kitu nyote wawili, – alisema Gulab akimimina. – Wanawakondesha makusudi. Tumbo la kichanga ni dogo, vidole vinene vitapita wapi? Basi wanawanyima usingizi, wanawanyima chakula, mpaka vidole vinywee. Vikishanywea ndiyo unapewa cheti. Mtazameni huyu!

– Kwa hiyo kimebaki kidole gumba, – alisema Saireni.

Wakacheka. Zarak naye alitaka kucheka, mdomo ukamgomea. Alikuwa amechoka mpaka hata hasira zilimwisha. Akaitoa barua, akaiweka juu ya benchi.

– Naacha, – alisema. – Nikimaliza kahwa hii, nampelekea profesa.

– Unaacha nini? – aliuliza Saireni.

– Masomo. Mjomba ana duka la dawa kule Mardan. Nitakaa dukani. Nitalala usiku kama watu.

Hakuna aliyemtania. Gulab alisogea tu, akamjazia. Kwa Gulab kikombe kikiwa wima kinajazwa, huulizwi, ukitosheka unakifudikiza. Zarak akanywa, Gulab akajaza. Akanywa nusu, akajaziwa tena.

– Gulab, acha ujinga.

– Kikombe chako kiko wima, dokta. Nifanyeje?

Zarak akakinywa chote, ingawa kilimuunguza ulimi. Alikuwa ameanza kukiinamisha ili akifudikize, ndipo mzee mmoja aliyejitanda shali akaja na kadi ya kliniki mkononi.

– Asalaam alaikum, wanangu. Samahanini. Mimi natoka Dir huko. Mjukuu wangu Spogmai alizaliwa hana njia ya haja. Daktari mmoja wa hapa akamtoboa tumboni, choo kikatokea hapo, mtoto akapona. Sasa anacheka, wallahi, anacheka na kila mtu! Leo wameniambia nimrudishe mwezi wa nne, daktari yule yule amtengenezee njia yake. Anaitwa Zarak. – Akawatazama mmoja mmoja. – Ni mbali, na barabara mnaijua. Huyo Zarak, mwezi wa nne atakuwepo?

Sindano akaanza kukagua viatu vyake. Saireni akakohoa, kikohozi cha uongo. Zarak alimkumbuka mtoto: kilo mbili na robo, na ule uzi uliomkatikia mkononi mara mbili kabla fundo halijashika. Jina hakuwahi kulijua. Siku ile kwenye kadi waliandika jina la mama tu.

– Kwani kahama? – aliuliza mzee.

Gulab akainua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu.

Zarak akakitazama kikombe kilichoinama mkononi mwake. Akakirudisha juu ya benchi, wima, juu ya ile barua.

– Chemsha nyingine, Gulab, – alisema. – Na mzee mpe kikombe.