Kidonge cha Siku za Kuudhiwa

Bibi yetu, ambaye wateja wote walimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala. Alimaliza darasa la nane mwaka 1966 akiwa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza, Bibi hakumsamehe mpaka mwaka huu.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika karakana ya kushona sare za shule, akakaa kwenye cherehani miaka thelathini na nane. Shati lilichakaa, kifungo cha Bibi kikabaki.

Mwaka 1973 alifunga ndoa na Babu, fundi bomba. Babu anasema aliupenda ulimi wake. Sisi tuliozaliwa tukaukuta ulimi huo hatukuulizwa.

Februari 2017 aligundulika kuwa na shinikizo la damu. Muuguzi alieleza taratibu: apunguze chumvi, atembee kila siku, ameze kidonge kila asubuhi hata akijisikia mzima. Nyumbani lilifika neno moja tu: presha. Na kwetu, presha maana yake ni kuudhiwa. Mjomba akatangaza, "Kuanzia leo, hakuna kumuudhi Mama."

Tukatii, na hilo ndilo linaloniuma. Ugomvi tuliuhamishia uani. Kutembea mpaka dukani tulimkataza, asije akakutana na mdomo wa mtu, akawa anashinda kwenye kiti. Mimi mjukuu wake nilipoacha diploma katikati, aliambiwa niko likizo. Mwaka wa pili wa likizo akaniita: "Wewe, chuo chenu kinafundisha usingizi?" Habari mbaya zote tulimficha. Chumvi tulimsogezea, naye aliinyunyiza kabla hajaonja.

Kidonge alimeza siku za kuudhiwa tu. Nikimuuliza, alinijibu, "Nani kaniudhi leo? Nyote mmekuwa malaika." Pakiti ya mwezi mmoja ikakaa miezi mitano. Tulicheka, tena tukajisifu kwamba tunamtunza.

Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa anacheka na jirani, alipatwa na kiharusi. Hospitalini mama mdogo aliuliza, "Nani kamuudhi?" Daktari akauliza, "Kidonge cha mwisho alimeza lini?" Swali la mama mdogo lilipata majibu kumi na moja. Bibi alifariki Jumapili tarehe 8, saa kumi na mbili jioni.

Mnisamehe wazazi wangu, lakini sitasoma hapa mazishini kwamba aliondolewa na maudhi ya dunia. Miaka minane hakuna aliyemuudhi. Laiti tungemuudhi.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, na mdogo wake wa kike, ambaye naye ana presha. Leo asubuhi nilimuuliza kama amemeza kidonge. "Nimemeza, mjukuu wangu. Si nina msiba?" Kesho msiba utakuwa umepoa kidogo, nami nitamuuliza tena, na keshokutwa, mpaka anitukane.

Bibi yetu alale salama. Mdogo wake hatutampumzisha.