Luhende na Chumba cha Ghala la Stesheni

Kijiwe chetu kipo pembeni mwa barabara ya kwenda hospitali ya Kitete, ubavuni mwa banda la fundi pikipiki, na kahawa ni ya Mzee Mabruki. Ukija pale na jibu moja utaondoka nalo mwenyewe, sisi hatulitaki. Abasi tunamwita Hakimu, maana alifagia mahakamani miaka mingi na hukumu zote anazijua yeye. Deus ni Redio, na sababu utaisikia. Mimi wananiita Mbishi, jina ambalo silikubali hata kidogo.

Asubuhi hiyo alikuja Luhende, fundi ngoma, mtu wa kijiji cha Choma, amejitwika beseni kubwa lenye ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa tangu juzi. Alipolitua karibu na benchi tukahamia upande unakotoka upepo. Mwenye nyumba wake alikuwa amemtoa uani alfajiri ile, kachoshwa na harufu, kachoshwa na kugongagonga. Na ngozi ikishafikia pale, isipowambwa siku hiyo hiyo inaoza. Kikundi cha ngoma cha Isikizya kilikuwa kinaisubiri.

Bahati yake, wafadhili fulani wamekarabati ghala la zamani la tumbaku kule stesheni, wakaligawa vyumba vya wasanii kufanyia kazi, kodi ya chini kabisa. Kimoja wamemwekea Luhende. Akifika kabla ya adhuhuri anapewa ufunguo, asipofika anapewa mwingine. Sasa Luhende ni mwoga wa vitu rahisi, akaja kutuuliza sisi kama achukue. Anatuamini, Mungu amsaidie.

Hakimu akataka kujua kama hao watu wametaja sababu. Luhende akasema wametaja: fundi akikosa pa kufanyia kazi, anaiacha kazi yenyewe, na mafundi wakiiacha wote, mji unabaki na maduka ya plastiki.

— Basi, ndiyo hiyo tu? Hakimu akauliza.

— Ndiyo hiyo, kaka.

Tukatazamana. Sababu fupi namna hiyo haimalizi hata kikombe kimoja.

Redio akafungua mjadala. Alisema wafadhili wanatega vinasa sauti ukutani, wanabeba midundo yetu wanaenda kuiuza huko kwao, halafu wajukuu zetu watalipia kucheza ngoma ya babu yao. Mimi nikasema si kweli, hao wanakwepa ushuru wa nchi yao, ukimjengea msanii wa Tabora unasamehewa. Niliisikia wapi sikumbuki, lakini niliisema vizuri.

Hakimu alitusubiri tuchoke. Akaeleza kwamba misafara ya zamani ililala pale pale lilipo ghala, na tajiri mmoja alizika pembe za ndovu akafa kabla ya kuzifukua.

— Fikiria, Luhende. Mtu anayetaka kuchimba mchana kutwa, jirani asisikie, hapo juu atampangisha nani? Fundi cherehani? Atatafuta fundi ngoma.

Luhende akaitazama mikono yake kama ameshashikwa na polisi.

Redio hakukubali kupitwa. Pembe si kitu, akasema, wanatafuta dhahabu. Ile ya Nzega inatambaa chini kwa chini kuja huku, na mdundo wa ngoma ukishuka ardhini unarudi na habari zake, wao wanasoma kwenye kompyuta. Mzee Mabruki akasema taratibu kwamba huenda watu hao wanapenda ngoma tu. Tukamwomba amimine kahawa.

— Labda nirudi Choma, Luhende akasema. Nikalime na kaka yangu. Ngoma niachane nazo.

Hapo moyo uliniuma, sifichi. Ngoma za Luhende hata mimi mwenye magoti mabovu zinaninyanyua. Lakini hoja ya ushuru nilikuwa sijaimaliza, nikaendelea nayo.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Recheli, wa Nzega. Mumewe amelazwa Kitete na yeye alikuwa anangoja saa ya kuona wagonjwa. Kikombe chake alikuwa amekimaliza zamani.

— Shikamooni, baba zangu. Samahani, mimi si wa hapa. Akikataa hicho chumba, ngozi hii ataiwamba wapi leo?

Marahaba tuliitikia sote.

Hakimu ana ua mpana, tena wa ukuta. Redio ana kibanda kitupu tangu mpangaji ahame. Mimi nyuma ya nyumba nina kivuli kizuri kinachokaliwa na kuku. Kila mmoja alikijua cha mwenzake, na kila mmoja alikuwa anatazama kahawa yake. Luhende alitusubiri. Alitupitia mmoja mmoja kwa macho, bila hasira, kisha akakunja kata ya kitambaa akaiweka kichwani.

— Kaka, nitwishe, akaniambia.

Sikumtwisha. Nilishika mkono mmoja wa beseni, nikamwambia ashike wa pili. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na maji yake yakanimwagikia kanzu kabla hatujavuka barabara. Luhende alikuwa anatembea polepole, ananihurumia magoti. Nikamwambia akaze mwendo, adhuhuri inakaribia.